Lobelia, ajerato, torenia au ipomea: lipi ua la bluu la msimu mmoja litakufaa?

Anayetaka bluu bustanini huku kwetu hana mengi ya kuchagua. Mekundu, ya njano na ya waridi yamejaa kwenye viriba vya wauza miche kando ya barabara. Ukiulizia la bluu unaoneshwa plumbago, kichaka kizuri lakini cha kudumu, kinachotaka nafasi yake na mkasi wake kila baada ya miezi michache. Kwa tuta dogo, chungu cha barazani au uzio unaotaka kuuficha kwa muda, yanabaki maua ya msimu mmoja. Kati ya hayo, manne ndiyo yanayowakwamisha watu: lobelia, ajerato, torenia, na ipomea ya bluu, ile ambayo pakiti huiandika Heavenly Blue.

Yote manne ni mimea laini, hakuna hata mmoja unaostahimili sakitu, ile baridi ya usiku inayogandisha umande juu ya majani. Na hapo ndipo maelezo ya pakiti yanapoanza kumpoteza msomaji wa huku, maana mengi yameandikiwa watu wenye majira ya baridi: atika ndani ya nyumba wiki nane kabla ya sakitu ya mwisho. Mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, au Kisauni, Mombasa, hajaiona sakitu ya kwanza, sembuse ya mwisho. Kinachomwulia maua yeye ni usiku usiopoa, mvua ya masika inayofukua mbegu, na jua la Februari. Mkazi wa Makete au Kinangop, ambaye huamka akakuta nyasi zimekuwa nyeupe, anaielewa pakiti vizuri zaidi, ila tarehe zake bado si za hapa.

Nimeyapima maua haya kwa mambo sita: halijoto, hasa ya usiku, jua na kivuli, kazi iliyopo kati ya mbegu na ua la kwanza, maji na utunzaji wa baadaye, bluu yenyewe ni ya namna gani, na madhara kwa watoto, mifugo na shamba la jirani. Bei nimeiacha makusudi. Pakiti moja ya yoyote kati yake hutoa miche mingi kuliko mahitaji ya nyumba moja, kwa hiyo gharama halisi iko kwenye muda wako na maji yako.

## Kwanza, ni mimea gani hii

Lobelia ya bustani (Lobelia erinus) ni kimea cha sentimita 10 hadi 20 ambacho asili yake ni kusini mwa Afrika. Ua lake ni dogo sana, lakini hutoka mengi kwa pamoja hadi majani hayaonekani. Zipo aina zinazosimama na kujikusanya, mfano Crystal Palace, na zinazoning'inia kama Sapphire, ambazo hushuka pembezoni mwa chungu. Ni ndugu wa lobelia majitu wa Kilimanjaro na Mlima Kenya, na udugu huo huwadanganya watu. Lobelia jitu la Kilimanjaro hufunga majani yake usiku likakinga kichipukizi cha katikati dhidi ya barafu. Huyu mdogo wa chungu hana kinga hiyo.

Ajerato (Ageratum houstonianum) imetoka Meksiko na Amerika ya Kati. Maua yake hayana petali pana; ni vishungi vya nyuzi laini vilivyosongamana juu ya shina. Aina fupi kama Blue Danube hukomea kwenye sentimita 20 hivi, ilhali Blue Horizon hufika 60 na kuzidi, na hiyo ndiyo ya kukata na kuweka mezani.

Torenia (Torenia fournieri) ni ya Kusini-Mashariki mwa Asia, sentimita 20 hadi 30, ua lenye koo hafifu, midomo ya bluu iliyokolea na doa la njano chini. Wanasayansi wanaipenda kwa sababu isiyomhusu mtunza bustani: mfuko wake wa kiinitete, yaani sehemu inayobeba yai, umechomoza nje, kwa hiyo tendo la urutubishaji linaweza kutazamwa chini ya hadubini. Mwaka 2009 watafiti wa Nagoya, Japani, waliitumia kutambua protini zinazouvuta mrija wa chavua uelekee kwenye yai. Kwenye chungu, siri zake ni chache.

Ipomea (Ipomoea tricolor) ni mtambaazi wa Meksiko, mita tatu na zaidi ukipata pa kushika, na ua lake lina upana wa sentimita 8 hadi 10. Hufunguka alfajiri, mchana hujifunga, na ua lile lile halirudi tena. Ni ndugu wa karibu wa kiazi kitamu, jambo ambalo tutalirudia kwenye madhara.

## Halijoto, hasa ya usiku

Muuza miche atakuambia, "Hii haifi, mama, we mwagilia tu," na atasema hivyo hivyo kwa yote manne. Usiku ndio unaoyatenganisha.

Lobelia ni ua la nyanda za juu. Mchana wa nyuzi 18 hadi 25 na usiku wa kujifunika shuka huifanya ichanue kwa miezi. Lushoto, Arusha, Mbeya, Nairobi, hata Bukavu, ipo nyumbani. Joto likipita nyuzi 27 au 28 kwa wiki kadhaa mfululizo huacha kutoa maua, mashina hugeuka kahawia kuanzia chini, na unaanza kudhani ni ugonjwa. Si ugonjwa. Dar es Salaam mwezi Februari usiku hushuka hadi nyuzi 25 hivi tu, na huo si usiku wa lobelia. Pwani ina msimu wake mmoja, kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku unaposhuka karibu na nyuzi 19. Ukiipanda pwani, ipande ukijua itakwisha Septemba.

Torenia ni kinyume chake kabisa. Joto na unyevunyevu wa hewa, vitu vinavyochosha mimea mingi ya vyunguni, ndivyo ilivyozaliwa navyo. Tanga, Zanzibar na Mombasa hustawi mwaka mzima kama maji yapo. Ukiipeleka Njombe mwezi wa Juni itakaa vile vile ilivyofika, haikui wala haifi, majani yakigeuka rangi ya chuma chakavu.

Ajerato iko katikati, na kwa wengi hiyo ndiyo sababu ya kuichukua. Inavumilia joto la pwani likiambatana na kivuli cha mchana, na inavumilia ubaridi wa Nairobi wa Julai ingawa hupunguza mwendo. Haipendi ukali wa upande wowote, lakini haisusi haraka.

Ipomea hupenda joto ikiwa changa kuliko ikiwa kubwa. Miche yake ikipata usiku wa chini ya nyuzi 10 majani hugeuka ya njano, wakati mwingine meupe kabisa, na hukaa wiki nyingi bila kupanda. Ikishakomaa inastahimili zaidi. Kwa hiyo mtu wa nyanda za juu asiiatike Juni. Asubiri Septemba, ardhi ikianza kupata joto.

Kuhusu sakitu yenyewe: kwenye nyanda za Kitulo, Kinangop na mabonde ya chai ya Limuru, usiku mmoja wa baridi wenye anga tupu unatosha kuyamaliza yote manne. Vyungu viingizwe barazani jioni. Maua ya tutani yafunikwe kwa gunia au shuka kuukuu, lisilogusa majani, na liondolewe jua likitoka.

## Jua na kivuli

Hapa hakuna mengi. Ipomea inataka jua kamili, saa sita au zaidi, vinginevyo utapata majani tu. Torenia inataka kivuli chepesi au jua la asubuhi peke yake. Chini ya mwembe uliopogolewa au upande wa mashariki wa nyumba ndipo pake. Ajerato hukubali jua kamili milimani na nusu kivuli pwani. Lobelia vivyo hivyo: kadiri sehemu inavyokuwa ya moto, ndivyo inavyohitaji kufichwa na jua la saa nane.

Ukuta mweupe unaotazama magharibi hurudisha joto hadi usiku. Mtu huweka chungu cha lobelia mbele ya ukuta kama huo kwa sababu bluu inang'aa juu ya nyeupe, na kweli inang'aa, kwa wiki mbili.

## Kutoka mbegu hadi ua la kwanza

Tofauti kubwa ya kazi iko hapa, na pakiti hupita juu juu.

Mbegu ya lobelia ni vumbi. Gramu moja ina makumi ya maelfu ya mbegu, na ukiimwaga moja kwa moja itaangukia sehemu moja kama umeimimina. Njia inayofanya kazi ni hii: chukua trei au beseni bapa lenye matundu, jaza mboji iliyochekechwa ikichanganywa na mchanga wa mto au unga wa makumbi ya nazi. Loweka udongo kwanza. Changanya ubano mmoja wa mbegu na kijiko cha mchanga mkavu mweupe, kisha nyunyiza mchanganyiko huo. Mchanga mweupe utakuonesha ulipopita. Usifukie, kwa sababu mbegu hizi zinataka mwanga ili ziote. Kandamiza taratibu kwa kibao. Funika kwa nailoni angavu, weka kivulini, na kila siku ifunue kwa dakika chache ipumue. Ukitaka kumwagilia, usimwagie kwa juu. Weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo hadi uso wa udongo ugeuke mweusi, kisha itoe.

Zinaota kwa wiki mbili hadi tatu, nyuzi 18 hadi 24. Kwenye chumba cha pwani chenye nyuzi 30 nyingi hazitaota kabisa, na huo ndio ukweli ambao ungekuepusha na kulaumu duka la mbegu. Miche ikiwa na majani manne usijaribu kuitenganisha mmoja mmoja. Ichote kwa kijiti, kishada cha miche mitano hadi kumi, na upande kishada kizima. Hatari kubwa kipindi hiki ni kinyausi, ule ugonjwa unaokata miche usawa wa udongo na kuilaza usiku mmoja. Kinga yake ni hewa na kutomwagilia jioni. Kuanzia kuatika hadi kuchanua ni wiki 10 hadi 12. Wapo wanaouza mbegu zilizovikwa udongo, kadhaa ndani ya kidonge kimoja. Ukizipata, zinafaa pesa yake.

Ajerato na torenia nazo zina mbegu ndogo zisizofukiwa, lakini haziogopeshi hivyo. Ajerato huota kwa siku 5 hadi 10 na huchanua baada ya wiki 8 hadi 10. Ikifika jozi nne za majani, kata ncha kwa kucha ili itoe matawi. Torenia huchukua wiki moja hadi mbili kuota na miezi miwili na nusu hivi hadi ua. Zote mbili zina faida ambayo pakiti haitakuambia, kwa sababu pakiti inauza mbegu: huota kwa vipandikizi. Omba kijitawi cha torenia cha sentimita 8 kwa jirani, toa majani ya chini na maua yote, kiweke kwenye glasi ya maji dirishani. Mizizi hutoka, na umeokoa miezi miwili. Ajerato inapendelea mchanga wenye unyevu kuliko glasi.

Ipomea ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo ningempa mtoto wa shule aanze nayo kama isingekuwa habari ya sumu hapo chini. Mbegu ni kubwa na nyeusi, yenye ganda gumu. Isugue upande mmoja kwa msasa, iloweke usiku kucha, na asubuhi chagua zilizovimba. Zipande sentimita moja hivi ndani ya udongo, pale pale zitakapoishi, kwani haipendi kung'olewa. Kama ni lazima kuanzia kitaluni, tumia vikopo vya gazeti na upande kopo na vyote. Ndani ya wiki unaona majani mawili yenye pembe mbili mbili, na miezi miwili hadi mitatu baadaye, ua.

## Maji na utunzaji

Torenia haitaki kukauka hata siku moja. Ikikauka hulala, ukiimwagilia huinuka, ukirudia mara kadhaa haiinuki tena. Wakati huo huo haitaki kukaa ndani ya sahani yenye maji, mizizi itaoza. Zaidi ya hapo haina madai: maua yaliyozeeka hujidondosha yenyewe, wala huhitaji mkasi. Mtu anayekaa nyumbani na mwenye maji ya bomba yasiyokatika hataona kazi. Anayesafiri wiki nzima ataona.

Lobelia kwenye kikapu kinachoning'inia hukauka haraka mno, hasa penye upepo. Milimani mara moja kwa siku, kiangazi mara mbili. Ina kazi moja muhimu ambayo wengi hawaifanyi kwa huruma. Wimbi la kwanza la maua likichoka, ikate hadi nusu, yote, bila kubakiza. Loweka samadi iliyoiva kwenye ndoo, chuja, ichuje tena, izimue hadi ifanane na chai ya rangi, mwagilia. Baada ya wiki mbili au tatu inarudi. Hilo ni kwa sehemu zenye ubaridi. Kwenye joto la pwani, kukata hakuirudishi.

Ajerato hunywea saa nane mchana, jioni inasimama, usihamaki. Shida yake ni mbili. Kwanza, vishungi vilivyozeeka hubaki juu ya shina vikiwa kahawia, na kwa kuwa maua yake yako karibu karibu, kichwa kimoja kilichooza huchafua tuta zima machoni. Lazima uvikate. Pili, inzi weupe wanaipenda. Geuza jani utazame chini yake kila wiki. Ukiwaona, nyunyiza maji ya sabuni jioni, upande wa chini wa majani, rudia baada ya siku chache, maana mayai hayafi kwa mara ya kwanza. Kiangazi utitiri mwekundu hujiunga nao, na dalili yake ni majani yenye vidoa vidogo vya njano na nyuzi nyembamba za utando.

Ipomea inadai kidogo kuliko zote. Ukiipa samadi nyingi itakushukuru kwa majani, mita baada ya mita, bila ua. Udongo wa kawaida unaitosha, maji mara mbili tatu kwa wiki ikishashika. Inataka kamba za katani au waya kuanzia siku ya kwanza. Kazi yake ipo mwishoni: mtambaazi mkavu uliojisokota kwenye wavu wa uzio ni asubuhi nzima ya kuvuta na kukata.

Kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, hali ya kawaida pwani: miche michanga ya aina zote itaungua ncha za majani. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya kitalu, hata ndoo mbili tatu. Mimea mikubwa itavumilia kidogo zaidi.

## Bluu ipi hasa

Anayesema anataka bluu huwa na bluu fulani kichwani, na picha ya pakiti imetiwa rangi.

Lobelia ndiyo yenye wigo mpana. Crystal Palace ni bluu ya nili, imekolea, na majani yenye wekundu wa shaba. Cambridge Blue ni samawati safi. Sapphire ina jicho jeupe. Kwa bluu isiyo na zambarau ndani yake, kwenye tuta la chini, sioni mshindani wake kati ya haya manne.

Ajerato ni bluu ya mbali. Ukiwa mita kumi ni bluu, ukiinama ni zambarau hafifu. Wapigapicha wa enzi za filamu waliijua sana, kwani ua walilokuwa wakiliona la bluu lilitoka la waridi kwenye picha. Sababu ni kwamba linaakisi mwanga mwekundu wa ukingoni ambao jicho haliuoni vizuri lakini filamu iliunasa. Kwa hiyo picha kuukuu za ajerato usizitumie kuchagulia rangi. Ilivyo ni rangi tulivu, na hukaa vizuri mbele ya maua ya njano na machungwa, mahali ambapo lobelia humezwa.

Torenia ina rangi mbili katika ua moja, bluu-zambarau ya midomo na samawati ya koo. Kwa karibu inapendeza kuliko zote, kwa mbali inapotea. Ndiyo maana naiona ni ua la barazani, la kutazamwa na mtu aliyekaa.

Ipomea ni anga la asubuhi lenyewe, samawati inayong'aa na koo jeupe lenye njano ndani. Kichipukizi chake huwa cha wekundu-zambarau siku moja kabla, na hugeuka bluu kadiri kinavyofunguka, kwa sababu utomvu ndani ya seli za petali hupungua uasidi, pH ikipanda kutoka karibu 6.6 hadi 7.7. Amka kabla ya saa kumi na mbili uone. Ukitoka kazini jioni hutaona kitu, maua yote yamefungwa, na hili ni jambo la kulifikiria kabla ya kununua. Siku za mawingu hubaki wazi muda mrefu zaidi.

## Madhara

Lobelia ina kemikali ya lobelini. Ikiliwa kwa wingi huleta kichefuchefu na kutapika. Kikapu kinachoning'inia juu hakifikiwi na mtoto anayetambaa, na hapo shida imeisha.

Ajerato ina sumu inayodhuru ini la mifugo inayoila mara kwa mara, na mbegu zake hupeperushwa na upepo. Katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki imekwishatoroka bustani ikawa gugu la kando ya mito na mashamba. Anayefuga mbuzi au aliyepakana na shamba la mtu akate vishungi kabla havijakauka, na mabaki asiyatupe zizini.

Torenia haina sifa ya sumu. Hujiotesha yenyewe hapa na pale kwenye nyufa za sakafu, lakini unaing'oa kwa vidole viwili.

Ipomea nimeiwekea nafasi zaidi. Mbegu zake zina kemikali zinazovuruga akili na tumbo, na ni kubwa kiasi cha kumvutia mtoto. Zaidi ya hapo, jani lake lina umbo la moyo na linafanana mno na la kiazi kitamu. Nyumba inayokula matembele, na nyumba nyingi zinakula, haifai kuwa na ipomea ya bluu ikitambaa kwenye tuta lile lile la viazi. Shangazi akija na ungo wake jioni, maua yakiwa yamefungwa, hana cha kumtofautishia. Ipande mbali na mboga, juu ya uzio. Na kwa kuwa ni ndugu, wadudu wa moja huhamia kwenye nyingine.

## Nani achukue nini

Unaishi ghorofani Dar, Tanga au Mombasa, una baraza ya kivuli na maji hayakatiki: torenia. Anza na kijitawi cha jirani badala ya mbegu.

Unaishi pwani hiyo hiyo lakini sehemu yako ni jua kutwa: hapa yote manne yana kasoro. Ajerato fupi itaweza ikipata kivuli baada ya saa saba. Kama kivuli hakipo kabisa na maji ni ya shida, nenda nje ya orodha hii, kwenye salvia ya bluu (Salvia farinacea). Ni mmea wa miaka kadhaa unaooteshwa kama wa msimu, na hustahimili ukame kuliko yote niliyoyataja. Hiyo hiyo ningempa mtu wa Dodoma.

Uko Arusha, Lushoto, Nairobi au Mbeya na unataka vyungu na vikapu: lobelia, bila kusita sana, kama una subira ya wiki 12 au una pa kununua miche. Usiyekuwa na subira chukua ajerato, iko tayari mapema na inasamehe zaidi.

Uko Makete, Njombe, Kinangop au Limuru: lobelia tena au ajerato, lakini atika ndani ya nyumba na upandikize sakitu ya kwenu ikishapita; kwa Makete na Njombe, atika Agosti na upandikize Septemba au Oktoba. Torenia usijisumbue nayo.

Una uzio wa wavu na unaamka mapema: ipomea, ikiwa hapana viazi vitamu wala watoto wadogo karibu. Kama viazi vipo, au kama unarudi nyumbani jioni tu, panda klitoria, ule mkunde unaotambaa ambao maua yake hukaushwa kwa chai ya bluu. Ni wa kudumu kwenye joto, ua lake halifungi saa tano asubuhi, na joto la pwani haliusumbui. Mbegu zake nazo zisuguliwe msasa na kulowekwa.

Unataka maua ya kukata kwa meza au kanisa: ajerato ndefu, kwa sababu nyingine tatu hazina shina la kukata. Kata vishungi vikiwa vimefunguka nusu, alfajiri, na uvitumbukize majini papo hapo.

Na kwa anayesafiri siku nne tano kwa wiki bila mtu wa kumwagilia, kati ya manne ni ipomea peke yake itakayokusubiri, ikiwa ardhini na si chunguni. Weka majani makavu kwenye shina kabla ya kuondoka.